Jaji wa Rufani Hupatikanaje?

Mazungumzo yaliyosomwa kwa wahitimu wa kisomo, Mtendeli



Leo tutazungumza habari za majaji. Tunajua wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa mjini. Sisi wa jembe yanatuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Tuanzie hapa hapa nyumbani, kisha tutafika huko kwa wakubwa.

Jioni moja alitujia mama mmoja mjane. Alikuwa na karatasi mkononi, imekunjwa mara nne. Alituambia, "Walimu, nisomeeni hii." Tukaifungua. Ilikuwa nakala ya hukumu ya mahakama ya mwanzo. Mumewe alifariki akaacha shamba la migomba, kahawa kidogo na nyumba ya bati. Shemeji yake alikwenda mahakamani akaomba kuwa msimamizi wa mirathi, naye akakubaliwa. Yule mama alipinga lakini alishindwa. Akapewa ile karatasi, akaiweka ndani ya sanduku chini ya nguo.

Tukamwuliza, "Mama, hukumu hii ilitolewa lini?" Akataja siku. Tukahesabu kwa vidole, halafu tukahesabu tena kwa kalenda. Siku 47 zilikuwa zimepita.

Jamani, sheria inasema asiyeridhika na hukumu ya mahakama ya mwanzo anakata rufani mahakama ya wilaya katika muda wa siku 30. Yeye alikuwa na siku 47. Karatasi ilikuwa sandukuni, na haki yake ilikuwa sandukuni pamoja nayo.

Ndiyo maana tunazungumza habari hii.

RUFANI NI NINI?

Rufani ni kuomba mahakama ya juu iitazame tena hukumu ya mahakama ya chini. Hakimu ni mtu. Mtu anaweza kukosea. Anaweza kusikia vibaya, au kuielewa sheria vibaya, au kuacha ushahidi muhimu. Kwa hiyo sheria imeweka ngazi.

Ngazi ya kwanza ni mahakama ya mwanzo. Ukishindwa hapo, unakwenda mahakama ya wilaya. Ukishindwa tena, unakwenda Mahakama Kuu, nako pia siku ni 30. Juu kabisa ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kesi iliyoanzia mahakama ya mwanzo haipandi huko juu hivi hivi tu. Ni lazima Mahakama Kuu kwanza ithibitishe kwamba lipo jambo la kisheria la kuamuliwa. Mkigombana tu kama mbuzi alikuwa mweupe au mweusi, hilo haliendi huko.

Zamani watu wa Kibondo na Kasulu walipokuwa na rufani ya Mahakama Kuu, safari yao ilikuwa ya Tabora. Siku hizi Mahakama Kuu ina kanda yake Kigoma, na majaji wa Mahakama ya Rufani nao wamekwisha kufika Kigoma kusikiliza kesi. Njia imefupika. Isitoshe, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwa hiyo ile karatasi unaweza kuisoma mwenyewe, mradi usiifungie sandukuni.

MAHAKAMA YA RUFANI ILITOKA WAPI?

Zamani Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na mahakama moja ya rufani, iliyokuwa ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama ile nayo ilikufa. Tanzania ikaanzisha Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979. Mahakama hiyo ni ya Muungano. Inasikiliza rufani za Bara na za Zanzibar. Kwa kawaida majaji watatu hukaa pamoja, ili pasiwe na sare.

Sasa je, majaji hao hupatikanaje? Hapa kwetu hawapigiwi kura na wananchi. Rais huwateua baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Huko Marekani yapo majimbo ambako mambo ni mengine. Mtu anayetaka kuwa jaji wa rufani hutembea kwa wananchi akiomba kura, kama diwani anavyoomba hapa kwetu. Anabandika picha zake na anachangiwa fedha za kampeni. Wako wanaosifu jambo hilo, kwamba jaji anawajibika kwa wananchi. Wako wanaoliogopa. Wanauliza, "Yule aliyemchangia fedha akija kesho na kesi, jaji atamtazamaje?"

Lakini yupo jaji wetu mmoja wa rufani aliyepita njia zote mbili. Kwanza aliteuliwa, halafu akapigiwa kura. Ni marehemu Jaji Augustino Ramadhani. Tumfuate tangu mwanzo.

MAISHA YA JAJI RAMADHANI

Augustino Ramadhani alizaliwa Zanzibar tarehe 28 Desemba, 1945. Utoto wake haukuwa wa mahali pamoja. Alisoma Mpwapwa, akasoma na Tabora. Tabora si mbali na sisi. Wazee wetu wengi waliopata bahati ya kusoma walipitia huko. Halafu akasoma sheria Dar es Salaam, akapata shahada yake mwaka 1970.

Baada ya hapo alifanya kazi ambayo pengine hamkuitegemea. Aliingia jeshini. Alikuwa mwanasheria na askari pamoja, akapanda hadi cheo cha Brigedia Jenerali. Mwaka 1980 akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akashika kazi hiyo hadi mwaka 1989. Mwaka huo aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Alikaa katika kiti cha rufani zaidi ya miaka 20. Katika muda huo alipewa na kazi nyingine. Alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Mwaka 2001, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa imefufuka, alikuwa mmoja wa majaji wa kwanza wa mahakama mpya ya Jumuiya hiyo. Mwezi Julai 2007 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Alistaafu mwezi Desemba 2010 alipotimiza miaka 65, kwa sababu sheria inasema jaji wa rufani anastaafu kwa umri huo. Hata Jaji Mkuu siku yake ikifika, anainuka.

KURA YA KAMPALA

Kabla hajastaafu, mwezi Julai 2010, viongozi wa nchi za Afrika walikutana Kampala, Uganda. Moja ya kazi zao ilikuwa kuchagua majaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Mahakama hiyo ilianzishwa kwa mkataba uliokubaliwa Ouagadougou, Burkina Faso, mwaka 1998. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2004. Majaji wa kwanza walichaguliwa mwaka 2006, na mwaka 2007 mahakama ikahamia Arusha, hapa hapa Tanzania. Ina majaji 11. Hakuna nchi inayoruhusiwa kuwa na majaji wawili. Nchi inapendekeza jina, halafu wakuu wa nchi wanapiga kura ya siri. Anayechaguliwa anakaa miaka 6, na anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu.

Basi Jaji Ramadhani alichaguliwa. Mwezi Septemba 2014 majaji wenzake nao walimpigia kura, akawa Rais wa Mahakama hiyo. Aliishika kazi hiyo hadi mwaka 2016.

Angalieni jambo hili. Aliyepigiwa kura Kampala hakuwa amechaguliwa ili aisaidie Tanzania. Diwani tukimchagua, tunataka atuletee maji na barabara ya kata yetu. Jaji akichaguliwa, anayemchagua hatakiwi kupata kitu kutoka kwake. Anatakiwa kupata haki tu, hata kama haki hiyo itamwumiza.

Je, hayo ni maneno tu ya vitabuni? Hapana. Jaribio lilikuja.

KESI YA MGOMBEA BINAFSI

Tanzania mtu hawezi kugombea ubunge wala urais bila kupendekezwa na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga jambo hilo kwa miaka mingi. Alikwenda Mahakama Kuu, akashinda mwaka 1994. Bunge likabadilisha Katiba. Mwaka 2005 akafungua kesi tena, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi kwa mara ya pili.

Serikali ilikata rufani. Safari hii hawakukaa majaji watatu. Walikaa saba, na Jaji Mkuu Ramadhani ndiye aliyewaongoza. Mwezi Juni 2010 walitoa hukumu. Walisema jambo la mgombea binafsi ni la siasa, na wa kuliamua ni Bunge, si mahakama. Mchungaji akashindwa. Wengi waliilaumu hukumu hiyo. Wengine walisema ni sawa, kwamba majaji hawana kazi ya kutunga Katiba.

Ngazi za Tanzania zikawa zimekwisha. Mchungaji Mtikila akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika. Chama cha wanasheria cha Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walipeleka malalamiko ya namna hiyo hiyo.

Na nani alikuwa na kiti huko Arusha? Jaji Ramadhani!

Hebu fikirini, ndugu zetu. Mtu umeshindwa mbele ya hakimu, unapanda ngazi kwenda juu, ukifika unamkuta yeye yule tena. Si ungekata tamaa ukarudi nyumbani?

Lakini sheria ya mahakama ile imeliona jambo hilo mapema. Inasema kesi ikiihusu nchi fulani, jaji anayetoka nchi hiyo haisikilizi. Kwa hiyo Jaji Ramadhani hakukaa katika kesi ile. Walikaa wenzake. Tarehe 14 Juni, 2013 walitoa hukumu. Walisema Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake, wakaitaka irekebishe sheria zake.

Kwa hiyo maoni ya hukumu aliyoiongoza mwenyewe nyumbani hayakufuatwa na wenzake. Mwaka uliofuata majaji wa mahakama hiyo walimchagua awe Rais wao. Hawakumdharau. Kupingwa ni sehemu ya kazi ya jaji. Kama hataki hukumu yake itazamwe tena, basi hataki rufani.

Tuseme pia yaliyobaki, ili tusiwadanganye. Hukumu ile haikumaliza jambo. Hata katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2020 mgombea alilazimika kupitia chama. Tena mwezi Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kuondoa ruhusa iliyokuwa imetoa mwaka 2010, ruhusa ya raia mmoja mmoja kupeleka malalamiko yake moja kwa moja Arusha. Uamuzi huo ulianza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Mahakama ipo nchini kwetu, lakini mlango ambao Mchungaji Mtikila aliupita ukafungwa.

Jaji Ramadhani mwenyewe naye hakukosa kuulizwa maswali. Mwaka 2015, akiwa bado Rais wa Mahakama ya Afrika, alichukua fomu ndani ya chama chake akiomba kugombea urais wa nchi. Hakuteuliwa. Watu waliuliza, "Jaji anaweza kuwa na mguu mmoja mahakamani na mwingine katika siasa?" Ni swali zuri, na ninyi mnaweza kulijadili. Sisi hatumweki hapa kama malaika. Alikuwa mwanadamu aliyefanya kazi ngumu. Alifariki dunia mwezi Aprili 2020, na baada ya kustaafu alikuwa pia kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mtanzania mwingine, Jaji Imani Aboud, mwanamke, alichaguliwa katika mahakama hiyo mwaka 2018, na mwaka 2021 akawa Rais wake.

MAHAKAMA IKIKOSA UHURU

Sisi wa Mtendeli hatuna haja ya kwenda mbali kujua madhara ya mahakama kubanwa. Tumeyaona. Mwaka 2015 nchi jirani ya Burundi ilikuwa na mgogoro: je, Rais anaweza kugombea mara ya tatu? Jambo likapelekwa Mahakama ya Katiba. Mwezi Mei mwaka huo makamu wa rais wa mahakama ile aliikimbia nchi yake. Alisema majaji wamelazimishwa. Ugomvi ambao ungekwisha kwa hukumu ya kuaminika ukatoka nje, ukaingia barabarani.

Tunajua kilichofuata. Watu walivuka mpaka na watoto mgongoni na vyungu kichwani. Kuanzia mwaka 2016 waliwekwa katika kambi hapa Mtendeli, hadi kambi ilipofungwa mwaka 2021. Tuliuziana nao unga na maharage. Baadhi yetu tulizungumza nao kwa Kiha, wao kwa Kirundi, tukaelewana. Hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba mambo ya majaji ni ya wakubwa tu.

NA SISI TUNACHAGUA

Sasa turudi kijijini. Ndugu, ninyi pia mnachagua waamuzi. Pengine hamkulifikiria hivyo.

Kila kijiji kinatakiwa kuwa na Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina watu 7, na kati yao wanawake wasipungue 3. Halmashauri ya kijiji inapendekeza majina, na Mkutano Mkuu wa kijiji unayaidhinisha. Mkutano Mkuu ni nani? Ni wewe na mimi, ni kila mtu mzima wa kijiji. Baraza hilo halitoi hukumu kama mahakama. Linasuluhisha. Lakini ugomvi mwingi wa mipaka ya mashamba unaweza kwisha hapo kabla haujawa kesi.

Tunachaguaje watu hao? Tuseme kweli. Mara nyingi majina yanasomwa haraka haraka, jua limekuwa kali, mtu anataka kuwahi shambani. Mtu anasema "Sawa, sawa," mikono inapanda, kwisha. Wengine wanampitisha fulani kwa sababu ni wa ukoo wao. Wengine kwa sababu aliwanunulia pombe. Halafu mwaka ukipita mipaka inasogezwa usiku, na mtu analia, "Baraza limeniuza!" Nani alilichagua?

Tuangalie basi mambo matatu tunapoinua mkono.

Kwanza, je, mtu huyu anasikiliza pande zote mbili? Yupo mtu ambaye akisikia neno la kwanza amekwisha kuamua. Huyo si mwamuzi.

Pili, je, anakubali kusahihishwa? Mtu anayekasirika akiambiwa amekosea atawatisha watu wasikate rufani.

Tatu, na hili ndilo kubwa: je, ataweza kuinuka kitini? Kesi ya kaka yake ikija, au ya mkwewe, au ya mtu anayemdai, atasema, "Ndugu zangu, hii inanihusu, kaeni ninyi"? Huko Arusha jaji wa nchi inayoshtakiwa anakaa pembeni, hata akiwa aliwahi kuwa Jaji Mkuu. Hapa kijijini mjumbe atashindwaje?

YULE MAMA

Mnataka kujua habari za yule mama mwenye siku 47. Hatukumwambia "Basi, imekwisha." Sheria ina mlango mdogo. Mtu aliyechelewa anaweza kuiomba mahakama ya wilaya imwongezee muda, mradi aeleze sababu ya kuridhisha. Kusema "Sikujua sheria" kwa kawaida hakutoshi. Alikuwa ameuguza mtoto kwa wiki tatu, na karatasi za zahanati anazo. Tulikaa naye jioni mbili. Aliandika mwenyewe maelezo yake kwa mkono wake, sisi tulisahihisha herufi tu. Halafu alikwenda wilayani kupata msaada wa kisheria, ombi likapangwa vizuri, likapelekwa.

Tunaposoma mazungumzo haya, ombi lake halijaamuliwa. Hatujui litakuwaje. Shemeji amekwisha kuvuna kahawa ya msimu mmoja.

Kwa hiyo tunawaomba, ukipewa karatasi ya mahakama, isome siku ile ile. Usipoielewa, mpe mwenzako asome. Tafuta tarehe, uiandike ukutani kwa mkaa, uhesabu siku 30. Usiipeleke sandukuni kwanza.



TUJADILIANE

1. Je, ni vizuri wananchi wawapigie kura majaji, au ni afadhali wateuliwe? Kila upande utoe sababu.

2. Wajumbe wa Baraza la Ardhi la kijiji chenu ni akina nani? Wanawake ni wangapi?

3. Je, umewahi kuona mwamuzi akikataa kusikiliza kesi ya ndugu yake? Watu walisemaje?

4. Hukumu imetolewa tarehe 5 Machi. Siku 30 zinakwisha lini? Hesabu kwa kalenda.